Mgonjwa wa Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, ni dobi, na hakuna anayenyoosha shati kama yeye. Kutwa nzima yuko kwenye meza yake iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mkononi, macho kwenye televisheni iliyo juu ya kabati. Kanisa? Wapi! Nilimwalika mpaka mdomo ukaniuma. "Wifi, huyo Mungu wako ana mikutano mingi," alikuwa akinijibu, "na mimi nina mashuka ya gesti."

Basi ikaja tamthilia moja ya kutafsiriwa, zile ambazo midomo inakwenda huku na sauti inakwenda kule. Ndani yake kuna mchungaji wa gerezani, mzee wa kikohozi, anayekaa sakafuni na wauaji na kuwaambia, "Mungu haoni haya kuwa na wewe." Neno hilo likamwingia wifi. Akaanza kusali kama yule mzee, macho wazi, kwa sauti ya kawaida tu, huku anakunja suruali za watu. Akaacha kugombana na kaka, hata kaka akadhani mkewe anaumwa. Jumapili moja nikamwona kanisani, kiti cha nyuma kabisa. Nililia, sifichi. Nilipomuuliza kimempata nini, akasema kuna mchungaji amemgusa moyo. Mimi nikajua mchungaji ni mchungaji, nikamshukuru Mungu, yakaishia hapo.

Nikampeleka kwenye kikundi chetu cha maombi, cha akina mama. Utaratibu wetu ni huu: kila wiki tunamshika mgonjwa mmoja tu, tunafunga kwa ajili yake, halafu Jumapili tunakwenda kumwona. Zamu inafuatwa, na watu wanaingoja kweli. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya muuza viatu mmoja, sisi tunamwita Mama Viatu. Binti yake alikuwa amelazwa hospitali kuu, kifua kimembana, anapumulia mashine.

Kabla hatujaanza, wifi akaingia mbio, macho yamevimba. Kumbe mchana huo tamthilia imeishia pale mzee kapigwa risasi. Sisi tungejuaje? Akapiga magoti katikati yetu.

"Aliyenifundisha kusali amepigwa risasi! Yuko mahututi. Mwombeeni, jamani!"

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, akamshika bega. "Pole, mwanangu. Ni ndugu yako?"

"Ni mchungaji wangu."

"Amelazwa wapi?"

Hapo ndipo angesema. Aliniambia baadaye kwamba swali lile ndilo lililomzindua, kama mtu aliyemwagiwa maji. Akatutazama tulivyomkodolea macho, wengine machozi yameshatulenga, akashindwa. "Hospitali kuu," akasema.

Kisha Mama Viatu akasema, "Wangu yuko na madaktari, atangoja wiki moja. Tumshike mchungaji kwanza."

Tukamshika. Jina alilotutajia wifi lilikuwa la kigeni, tukadhani mmisionari. Tulifunga mpaka midomo ikakauka, na hakuna aliyemwomba Mungu kwa nguvu kama Mama Viatu. Wifi naye wiki nzima chakula hakipiti, ameunguza mashati ya watu, nikadhani ni majonzi. Kumbe mwenzangu anatafunwa na aibu.

Jumapili tukaenda hospitali, kundi zima, na chupa za chai na mashuka masafi. Mapokezi, mwenyekiti akataja jina. Nesi akatafuta kwenye kompyuta yake, akatikisa kichwa. "Hatuna mtu huyo."

"Tazama tena, mwanangu. Ni yule wa risasi."

"Hayupo," wifi akasema.

"Yesu wangu! Amefariki?"

"Hayupo, mama. Ni wa kwenye televisheni."

Nesi akacheka, halafu akajiziba mdomo. Ee Mungu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na chupa yangu ya chai! Nani aliyemleta huyu? Mimi. Ni wifi ya nani? Yangu.

"Tumemfungia mwigizaji?" mwenyekiti akauliza, taratibu, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kofi.

"Maneno yake yalinisaidia kweli," wifi akasema huku analia kwikwi. "Yalinileta kwa Mungu, sidanganyi. Siku ile nilisahau. Nilipokumbuka, nilikuwa nimeshasema." Akamgeukia Mama Viatu, lakini macho hayakunyanyuka. "Nimekula zamu ya mwanao."

Afadhali Mama Viatu angemtukana. Hakumtukana. "Juzi alizidiwa," akasema. "Nikataka kumwombea, nikajizuia. Nikajiambia si wiki yake, nisimpunguzie mchungaji." Akamkamata wifi mkono. "Twende."

Tukamfuata wodini vichwa chini. Binti alikuwa amelala na barakoa ya hewa usoni, kifua kinapanda na kushuka kwa taabu, macho wazi anatutazama.

"Haya, omba," Mama Viatu akasema. "Si umefundishwa?"

Wifi akaweka mkono kwenye ukingo wa kitanda. Maneno ya yule mzee anayajua yote, lakini siku hiyo hata moja halikutoka. Alisimama pale mpaka sisi wengine tukaanza kukohoa kwa haya.

"Mungu," akasema hatimaye, "huyu yupo kweli. Mwongo ni mimi. Usimwadhibu yeye kwa ajili yangu." Akakwama hapo.

Mama Viatu hakusema amina. "Endelea," akasema. "Mtaje jina."

Wifi akanigeukia mimi. Mimi nikamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akainamisha kichwa. Jina la mtu wa televisheni tulikuwa tumelitaja wiki nzima, asubuhi na jioni. La yule binti hakuna aliyelijua hata mmoja wetu.