Nyanya Ambazo Mama Agnès Alikataa Kung'oa

Mama Agnès Mushiya alizaliwa mtaa wa Kapata, katika nyumba ya kampuni ya madini, mtoto wa mchimbaji aliyeletwa kutoka Kasai. Baba yake alipopoteza kazi, shamba la nyanya ndilo lililowalisha. Mume wake alipofariki, shamba hilohilo likawasomesha watoto.

Mwaka huu mvua zilipokolea, majani yakaingiwa na madoa meusi, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Majirani waling'oa miche yao. Donatien, shemeji yake, akaja na mtu aliyetafuta mahali pa kuchimba kobalti.

"Mama Agnès, hii udongo ilishakufa. Acha batu bachimbe."

"Udongo haikufa. Kuko kitu inaua majani. Mi siuzishe shamba yangu."

Kesho yake alikuta vigingi vya kupimia vimechomekwa shambani bila ruhusa yake. Akavichomoa vyote, akaegemezea miche ya nyanya. Donatien alipolalamika, alimwambia, "Mwambie ule mutu wako alete bingine. Bilinipunguka."

Binti yake Myriam anatafiti magonjwa ya mimea Lubumbashi. Alipokuja, aliligeuza jani na kumweleza mama yake kuwa kijidudu kisichoonekana kwa macho hutema protini yenye sumu. Protini hiyo hutoboa chembechembe za jani, zikafa, na kijidudu kikapata chakula.

"Tunatafuta dawa ya kuikamata ile sumu kabla itoboe jani," alisema. "Lakini mama, ni majaribio. Tomati tutakazopulizia, hakuna mutu wa kuzikula wala kuziuzisha. Na inaweza kushindwa."

"Ishindwe mbele ya macho yangu. Leta."

Ilishindwa kweli. Mvua kubwa iliiosha dawa waliyopulizia, na miche ikawa myeusi. Kwenye bomba la maji wanawake walimcheka: mutoto alisoma miaka yote ile, akamletea mama yake maji ya chupa! Agnès alijaza ndoo yake bila haraka, akajitwika kichwani. "Ni mutoto wangu, na shamba ni yangu. Mutacheka mupaka mutachoka."

Usiku hakulala vizuri. Hata hivyo alfajiri alikuwa shambani, akipanda upya. Myriam alirudi na mchanganyiko unaong'ang'ania jani. Wakapulizia upande mmoja, wa pili wakauacha hivihivi ili waone tofauti.

Upande ulioachwa ulikufa wote. Ule uliopuliziwa nao uliugua, na baadhi ya miche ikaanguka, lakini kwa iliyobaki madoa yalikaa madogo, hayakuenea. Nyanya zikawiva. Myriam alichuchumaa kati ya mistari, akalia. Mama yake hakulia. Alikwenda kuleta jembe.

Donatien alimkuta akifukia nyanya nyekundu, nzimanzima. Msimu mzima nyumba ile ilikuwa imekula bukari, ugali wa kwao, na matembele tu.

"Unazika chakula? Uko na wazimu?"

"Nilimuahidi Myriam. Bado hawajajua kama ni salama kwa mutu."

"Sasa ulipata faida gani?"

Agnès alijinyoosha, akapangusa udongo wa jembe mbele ya viatu vya Donatien. "Nilikiona kile kilikuwa kinanikulia shamba, na nilikiona kikishindwa. Nitapanda tena. Ukitaka kusaidia, jembe ingine iko nyumbani. Kama hautaki, pita pembeni, unakanyaga mustari."

Donatien akainua mguu, akapita pembeni.