Mkono Uliotia Saini

Mtaani walimwita Mkurugenzi, na utani huo ulimchekesha hata yeye. Mkurugenzi gani anashinda kibandani na kiatu cha mtu mapajani? Lakini karatasi zilikuwepo, zina muhuri, na jina lake lilifuata la mgeni mmoja wa ng'ambo.

Mgeni huyo alikuja kwanza kushonewa buti. Alitaka kufungua machimbo ya kokoto, na sheria ilimdai nakala ya pasipoti, kibali cha kuishi, anwani ya ofisi na mkurugenzi mmoja mwenyeji. Vitatu alikuwa navyo. Cha nne akakipata kwa mama huyu fundi viatu. Mjane mwenye binti wa kusomesha angekataaje ahadi ya ada ya chuo? Akasaini. Kila mwaka mgeni alileta karatasi nyingine, naye akasaini huku amebana misumari midomoni, hasomi hata mstari. Ya mwisho ilisema stoo ya baruti imekaguliwa na iko salama. Hakuna aliyeikagua, na mimi hapo simtetei.

Jumanne asubuhi stoo ililipuka. Mpasua mawe mmoja, kijana aliyeoa juzijuzi, alizikwa vipandevipande ndani ya shuka. Mchana mgeni alikuwa uwanja wa ndege. Kesho yake wapasua mawe wenzake na marehemu walikwenda kwa msajili wa makampuni wakaomba majina ya wakurugenzi, wakapewa, maana yeyote akiomba hupewa.

Walifika kibandani saa tano. Waling'oa mabati, wakatupa viatu vya watu mtaroni, wakamburuta mama wa watu kwa nywele. Teke la mbavu likamkata pumzi. Kaka wa marehemu, mwenye mabega kama mlango, akaokota nyundo ya fundi mwenyewe.

"Wewe ndiye mkurugenzi?"

"Kaka yangu, mimi nashona viatu tu. Niliandikwa."

"Na karatasi ya baruti, nani alisaini?"

Alijikunja kushika mbavu.

"Kwa mkono gani? Utoe!"

Sasa, mama huyu alikuwa mashoto. Walimu walimchapa utotoni mpaka wakachoka wao. Sindano, kisu, kalamu, vyote alivishika kwa kushoto. Mkono huo ndio uliolisha nyumba. Akatoa wa kulia.

Walimlaza kiganja juu ya chuma chake cha kugongea visigino. Nyundo ilishuka mara nne. Pigo la kwanza alipiga yowe, la pili akajikojolea, mengine mawili hakuyasikia.

"Nimemaliza, mdogo wangu," kaka alimwambia marehemu, analia kama mtoto. Kisha akaenda kaburini, akaketi hapo mpaka polisi wakamkuta.

Siku ya tatu walikutana kituoni, mama na bandeji yake hadi kiwikoni, kaka na pingu zake kwenye benchi. Afande aliyasoma maelezo kwa sauti: nimevunjwa mkono wangu wa kazi, siwezi tena kujipatia riziki. Mama alitikisa kichwa kukubali. Uongo ulikwisha kumzoea.

"Kama huwezi kusaini, mama, weka dole gumba," afande alisema, akisogeza karatasi.

Kalamu iliviringika kuelekea ukingoni mwa meza. Mama aliidaka kwa kushoto na, mazoea yana tabu, akasaini papo hapo, haraka, na ule mkia mrefu mwishoni.

"Saini nzuri," afande alisema.

Kaka aliinua kichwa. Aliutazama ule mkono mzima, kisha bandeji, kisha ule mkono tena. Mama aliiacha kalamu kana kwamba inaunguza.

"Nilikwenda kaburini," kaka alisema taratibu, "nikamwambia mdogo wangu nimeuvunja."

Akamgeukia afande.

"Afande, kosa langu hili ni miaka mingapi?"

"Hakimu ndiye ajuaye. Mitano, saba."

"Si mingi," alisema, macho yake bado juu ya mkono wa kushoto, na mama akauficha ndani ya nguo.