Hewa ya Nyumba ya Mama Mdogo

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani miaka ile soko la korosho lilipofunguliwa kwa watu binafsi, huwajibu kwamba nilikuwa nachora hewa. Hucheka. Na mimi hucheka nao, kwa sababu mpaka leo sina hakika nilichora nini.

Msimu mmoja wanunuzi binafsi wa korosho walimiminika Kilwa kama kumbikumbi baada ya mvua. Mmoja wao, mzee mfupi mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate, alitafuta ghala pale Kikole. Akaipenda nyumba ya mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama yangu: nyumba ya udongo na makuti, vyumba vipana, kando ya barabara. Lakini huko alikotoka korosho zilishamwotea ukungu. Akasema ataleta injinia na kompyuta. Kompyuta ikisema hewa ya ndani inatoka vizuri, atapanga msimu mzima. Ikikataa, anahamia Miteja.

Mama mdogo hakuingoja kompyuta. Kesho yake vitanda vyote vilikuwa jikoni kwa jirani. Kodi ile alishaigeuza cherehani kichwani mwake, na humo kichwani cherehani ilikuwa tayari inashona.

Mimi nilichukuliwa kuwa msaidizi wa injinia kwa sababu nilikuwa msomi. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni Lindi mjini, na kijiji kizima hakikuwa na mwingine aliyejua myuko. Nikamweleza mama mdogo: myuko ni hewa kupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda juu, na ile ya baridi ikashuka kuchukua nafasi yake.

"Ndiko ulikokuwa unakwenda kila jioni?" akaniuliza. "Kufundishwa kwamba moshi unapanda?"

Injinia alikuwa kijana mpole kutoka Dar. Alitandaza mitambo yake barazani, akawasha jenereta iliyonguruma mpaka tumbili wote wa Kikole wakahamia Nyangamara. Akanionyesha picha ya chumba iliyojaa mistari kama wavu.

"Programu haiwezi kuielewa hewa yote kwa mkupuo," akasema. "Inaikata vipande vya pembetatu, halafu inakokotoa kila kipande kinampa jirani yake joto kiasi gani na kinamsukuma wapi."

Nikatazama hewa iliyokuwa mbele yangu. Sikuona pembetatu hata moja.

"Hizo pembetatu zipo kweli?"

"Hazipo."

"Lakini zinasukumana?"

"Kwa hesabu, ndiyo."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hilo ndilo somo nililofaulu kuliko yote kwenye masomo ya jioni.

Akanipa tepu nipime kuta, milango, madirisha na kila penye nafasi ya hewa kupita. Nilipima kwa uadilifu wa kutisha. Nilipima hata nafasi iliyo chini ya mlango, wanapopita vifaranga, na njia ya panya. Injinia akaingiza yote, akafunga milango na madirisha mle kwenye picha, kwa kuwa ghala lingefungwa hivyo kwa kuogopa wezi. Programu ikaanza kukokotoa. Tulingoja mpaka nikahisi ndevu zangu zinaota mvi.

Picha ilipokuja, chumba kilikuwa chekundu chote juu, na vimshale vinafukuzana humohumo kama watoto wanaocheza.

"Hewa inapanda, inagonga paa, inashuka, inarudi palepale," akasema injinia. "Juu haina pa kutokea. Korosho zitaoza. Nyumba hii ni chungu kilichofunikwa."

Mama mdogo akatokeza, upawa mkononi. Injinia akasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mimi nimelala humo tangu nilipoolewa. Mbona sijaiva?"

Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikainua uzi wa pamba juu ya kichwa changu. Ukapepea. Nikatoka, nikatazama kompyuta: hakuna kinachotoka. Nikarudi ndani, uzi ukapepea. Nilichanganyikiwa hasa. Nikawaza labda hewa ya Kikole ndiyo ambayo haikusoma. Mama mdogo alianza kumuuliza jirani nani atamsaidia kurudisha vitanda. Aliuliza polepole, na upole ule uliniumiza kuliko kama angenitukana.

Hapo ndipo kuku, aliyefungiwa ndani bila sisi kujua, aliporuka kutoka juu ya ukuta, chini ya makuti, akatua kando ya jenereta akipiga kelele.

"Huyu katokea wapi?" akashtuka injinia. "Mlango si umefungwa?"

"Kapita pale ukuta unapoishia," nikasema.

Injinia akapanda juu ya kinu, akapenyeza mkono gizani kati ya kichwa cha ukuta na makuti. Mkono ukazama mpaka kiwikoni.

"Uwazi huu umezunguka nyumba nzima?"

"Nyumba zote ziko hivyo."

"Mbona hukuupima?"

Swali lenyewe lilinishangaza. "Nani anapima mahali ambapo hapakujengwa kitu?"

"Kwani kwenu kuta zinafika mpaka juu?" akadakia mama mdogo. "Mnapumuaje?"

Injinia akachora upya. Safari hii vimshale viliingia chini ya mlango, vikapanda, vikatoka chini ya makuti. Mama mdogo aliinama, akavifuata kwa kidole. "Huyu anatokea alikotokea kuku," akasema.

Asubuhi mnunuzi akaja, akaona picha, akafurahi. "Safi. Kompyuta imekubali." Kisha akatazama juu. "Ila hapo zibeni kwa udongo. Mwizi anapita."

Injinia akamweleza pembetatu zote, moja baada ya nyingine.

"Sasa si imeshakubali?" akasema mzee. "Ziba!"

Kwa muda nikaona yuko sahihi, halafu injinia yuko sahihi, halafu nikataka kukaa chini. Mama mdogo alikuwa anautazama mlango wa jirani. Macho yangu yakaangukia ule wavu wa kwenye kompyuta.

"Tupige fito," nikaropoka. "Zikatane hivi, kama pembetatu hizi. Mtu hapiti."

Injinia akakokotoa tena. Hewa ilipungua kidogo, lakini ilitoka. Tukakata fito, majirani wakatusaidia kufunga, na mzee akaning'inia kwenye fito zile mpaka mkunjo wa suruali ukapotea. Hazikuachia. Akapanga.

Msimu ulipokwisha, gunia la mwisho lilifunguliwa, na korosho zilikuwa kavu. Cherehani ikaja kwa gari. Mama mdogo aliiweka mle mle chumbani, kwa sababu, alisema, hapo pana hewa.

Kuku ndiye hakufaidi. Alizunguka nyumba siku nyingi akizitazama zile pembetatu kwa jicho moja, kisha kwa jingine, na mimi nilimwelewa.