Ndege ya Orofa Mbili Ilipotolewa Jangwani

Nilikuwa napalilia maharagwe kwetu Kilungu simu ilipolia. Kuona nambari ya nchi za Ghuba, nilikowahi kufanya kazi, nilitupa jembe nikapanda mlima mbio, maana kule bondeni mtandao hukatika.

"Dada, bado unataka kazi?" Alikuwa msimamizi wangu wa zamani, mama mmoja wa Tanga. "Ndege kubwa zinarudi!"

Nilipiga kelele hadi mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani nimeumwa na nyoka.

Nilikuwa nimezisafisha ndege hizo miaka minne: orofa mbili, ngazi ndani kama hoteli, injini nne. Korona ilipokuja, abiria walitoweka. Ndege zikapelekwa jangwani, zikafunikwa madirisha, nasi tukarudishwa makwetu. Wakubwa walisema hazitaruka tena, kwani ndege za injini mbili hubeba watu wachache lakini hula mafuta kidogo sana.

Aliyenielewesha vizuri ni baba, ambaye aliendesha basi la Mombasa kwa miaka mingi.

"Shida si ukubwa," aliniambia tukipukuchua mbaazi. "Nikitoka Mtito Andei na watu kumi, mafuta ni karibu yaleyale ya basi lililojaa, tairi zilezile, na dereva ni mimi. Gari kubwa usipolijaza, dogo linakushinda."

"Na likijaa?"

"Likijaa? Hakuna wa kukugusa!"

Sasa zilikuwa zinajaa. Msimamizi alinieleza kwamba watu wanasafiri kama waliofunguliwa jela, ndege mpya zilizoagizwa zimechelewa, na viwanja vikubwa havina nafasi ya ndege zaidi kutua. Ndege moja inayobeba watu wa ndege mbili ilikuwa na maana tena.

Baada ya miezi miwili nilikuwa nimesimama uwanjani na wenzangu, tukitazama ya kwanza ikiingia kutoka jangwani. Tumbo lilikuwa jeupe kwa vumbi. Tulishangilia kama watu wa harusi.

Tuliisafisha siku nane. Mchanga ulikuwa umeingia hadi kwenye reli za viti. Katika mfuko wa kiti kimoja nilikuta gazeti la kabla ya korona, likitangaza likizo za bei nafuu. Nililisoma lote nikiwa nimepiga magoti, nikacheka peke yangu.

Siku ya safari, karani wa uzani, anayehesabu abiria na mizigo, alishuka ngazi akipunga karatasi. "Imejaa! Juu na chini!"

Mafundi, wapakiaji na sisi wa mifagio tulikumbatiana. Nilimpigia baba simu ya video papo hapo.

"Baba, hata kiti kimoja hakikubaki!"

"Na mizigo, wameweka?"

"Wameweka. Maua, samaki, masanduku, hadi mlango umefungwa kwa shida."

"Basi hapo wamepata faida!" Nilimsikia akimwita mama kwa sauti kubwa aje haraka asikie.

Nikageuza simu waione. Ndege ilikimbia, ikakimbia, nikaanza kuogopa kwamba njia itaisha. Kisha pua ikainuka. Mngurumo ulinitikisa kifua, na Mfilipino niliyesafisha naye vyoo akawa analia huku akipiga makofi.

Msimamizi alitupa dakika kumi za kufurahi. Asubuhi yake ikaingia ya pili, yenye vumbi zaidi, nami nikakabidhiwa orofa ya juu na wasafishaji sita chini yangu.