Mwenye Sauti ya Shujaa wa Katuni

Juzi, kwenye foleni ya sukari Temeke, mjane mmoja alimshika mkono yule bwana anayetutafsiria katuni za Kizungu kwa kipaza sauti, gari la sinema linapokuja uwanjani.

"Yule shujaa wako anayeruka angani, sauti yake umeitoa wapi?"

"Nimeibuni mwenyewe, mama."

"Muongo! Hiyo ni ya marehemu mume wangu, alivyokuwa akinadi kahawa mtaani kwenu."

Bwana akavua kofia. "Kweli, mama. Nisamehe, nitaiacha."

"Thubutu! Mie nitamsikia wapi tena?"

Mjane akamvuta, akamsimamisha mbele yake kwenye foleni. Sheria ya mwenye sauti siijui. Najua tu kwamba sie wa nyuma, ambao kwenye sukari hatusameheani, hakuna aliyenung'unika.