Mkate Niliomkataza Mwanangu

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nane, na katika mtaa wetu wa Kariakoo, miaka ile ya hamsini, hapakuwa na mwanamke mwingine wa rika langu aliyekuwa nacho. Nalisema hili mapema ili ijulikane kosa lilianzia wapi. Watu waliniletea barua zao barazani niwasomee, nami nilizisoma kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika, ili na jirani asikie. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, wiki nyingi njiani, siku chache nyumbani. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu: mimi, mama yake mzazi, na binti yetu ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu.

Mtoto alikuwa mgonjwa wa tumbo. Si tumbo la siku mbili. Aliharisha kwa miezi, miguu ikawa vijiti, tumbo likatuna, na nywele zikaanza kupoteza weusi wake. Mama mkwe alikwisha kumpa kila jani alilolijua. Mwisho nikamfunga mgongoni kwa kanga, nikampeleka hospitali kubwa.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mpole. Pembeni yake aliketi mkalimani, mzee wa kanzu iliyonyooshwa vizuri, kazi yake ni hiyo tu. Alipotaka kusema nilimkatiza. Nikamwambia asijisumbue, nitazungumza na daktari mwenyewe. Yule mzee akanitazama, akafunga mdomo, akakunja mikono juu ya magoti.

Daktari akaeleza taratibu. Niliyoyashika ni haya: mtoto asile mkate, asiuonje kabisa. Kulikuwa na neno moja alilolirudia mara mbili ambalo sikulijua. Nililidhani ni lile la uzito, weight, kwa kuwa mtoto alikuwa ametoka kuwekwa kwenye mizani na uzito wake ulikuwa wa aibu. Ningeweza kuuliza. Mzee wa kanzu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa yote, nikashukuru kwa Kiingereza, nikatoka nimevimba kichwa.

Sasa, mkate nyumbani kwetu ulikuwa upi? Ule wa bekari tuliuita boflo. Andazi lilikuwa andazi, chapati ilikuwa chapati. Ukisema mkate katika nyumba ile, bila kuongeza neno, ulikuwa umesema mkate wa kumimina, wa unga wa mchele na tui la nazi, aliokuwa akiupika mama mkwe uani kwa makaa ya chini na ya juu. Mtoto aliupenda kuliko chochote. Wakati mwingine ndicho kitu pekee kilichokaa tumboni mwake.

Nilifika nyumbani nikatoa amri.

"Mama, daktari amekataza mkate. Na anataka mtoto aongezwe uzito."

"Mkate huu wa mchele?"

"Mkate ni mkate, mama."

Nikaanza kazi ya kuongeza uzito. Asubuhi maandazi na chai ya maziwa. Mchana chapati iliyopakwa samli. Jioni tambi za sukari, nazo nilizipika kwa mkono mzito wa mtu anayejua anachofanya. Mtoto alikula kidogo, akatapika, akaharisha, nami nikaona dawa ni kumpa tena. Mama mkwe alitazama kwa siku kadhaa, kisha akaniita chumbani kwake, maana hakuwa mtu wa kusema na mkwe wake mbele za watu.

"Mwanangu, mimi sijasoma. Lakini huyu mtoto akila wali analala. Akila andazi anajikunja. Huoni?"

"Aliyesomea tumbo ni daktari, mama. Si mimi wala wewe."

Nilimjibu hivyo, na nilijibu nikiwa nimesimama, yeye ameketi. Hata sasa nikikumbuka natamani nijizabe kofi.

Ijumaa moja, baada ya sala, nilitoka sokoni nikamkuta mtoto mapajani mwa bibi yake, mdomo umejaa. Mkononi alishika kipande cha mkate. Sikuuliza. Nikamtia kidole mdomoni nikatoa kilichokuwamo, nikampokonya kile kipande, nikachukua na sahani yenyewe, vyote nikawamwagia kuku. Kutupa chakula mbele ya aliyekipika ni tusi kubwa. Mama mkwe alikunja kanga zake, akajifunga ushungi, akaenda kwa binti yake Magomeni. Sikumzuia. Nilijiambia kwamba sasa nyumba itapata utulivu na mtoto atapona.

Hakupona. Wiki mbili baadaye nilipombeba mgongoni kwenda hospitali, nilisimama njiani mara mbili kupapasa nyuma, kuhakikisha bado yumo.

Safari hii sikuwa na Kiingereza chochote. Daktari alimweka mtoto kwenye mizani, akaangalia, akamtoa, akamweka tena. Akauliza anakula nini. Nikamtazama mzee wa kanzu, nikamwambia kwa Kiswahili: maandazi, chapati, tambi, biskuti. Mkate sijampa hata chembe. Mzee alimtafsiria. Daktari akaweka kalamu chini na kuufunika uso kwa kiganja. Kisha akasema maneno mengi, na yule mzee, ambaye angeweza kunikomoa mchana ule mbele ya wagonjwa wote, alinigeukia akasema nami kama baba.

"Mwanangu, neno lenyewe ni wheat, yaani ngano. Ngano ndiyo inayomchoma matumbo. Boflo, andazi, chapati, tambi, biskuti, vyote hivyo ni ngano. Ulikuwa unampa kile kile ulichokatazwa."

"Na mkate wa mchele?"

"Mchele hauna neno. Mchele ndio umpe."

Mzee aliendelea, kwa kuwa daktari alikuwa anaendelea: nimlishe wali laini, ndizi mbivu, na tofaa lililopikwa mpaka likalainika. Nimrudishe baada ya wiki mbili. Asipoongezeka uzito katika wiki hizo, hakuna ahadi. Nilimwuliza mzee ahadi ya nini, ingawa nilijua. Akasema, "Ya kuishi, mwanangu."

Kisha nikafanya jambo nililopaswa kulifanya mara ya kwanza. Niliuliza. Tofaa lipi? Maana kwetu tofaa ni lile jekundu la majimaji linalouzwa kwa mafungu sokoni. Mzee akauliza, akarudi na jibu: la Kizungu, gumu, linalokuja kwa meli.

Matofaa hayo niliyapata mjini, karibu na posta, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeyapanga ndani ya sanduku la mbao, kila moja limefungwa karatasi nyembamba. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto mgongoni, akauliza, "Nani mgonjwa?" Watu wa kwetu hawakuyanunua matunda yale ila kwa mgonjwa. Akanichagulia manne yasiyo na doa. Kutoka pale nilikwenda kwa miguu hadi Magomeni, kwenye jua, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuombea radhi. Nilikuwa na maneno mazuri sana.

Mama mkwe alikuwa ameketi ukumbini akichambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekosa. Ilikuwa ngano. Mkate wako haukuwa na—"

"Nipe mtoto."

Akampokea, akampima kwa mikono yake. Niliuona uso wake ukibadilika, akauinamisha asiyaone macho yangu, au mimi nisiyaone yake. Yale maneno mazuri yote yakanipotea. Kisha akauliza, "Mchele umeloweka?"

"Bado."

"Basi twende tukaloweke."

Kesho yake tulipika. Niliosha sufuria kwa jivu mara tatu, kinu mara tatu, chekeche nikaiweka kando kwa sababu iliwahi kuchekecha unga wa ngano, nikaenda kuazima nyingine kwa jirani aliyekuwa akiitumia kwa mchele tu. Mama mkwe hakunicheka. Nilitwanga mimi, alichekecha yeye. Nikakaa juu ya mbuzi nikakuna nazi, yeye akachuja tui zito, akaukoroga unga pamoja na sukari, iliki na hamira, akaufunika ukae uumuke.

Matofaa alikuwa hajapata kuyashika. Alilinusa moja, akaligeuza, akasema linanukia waridi. Tukayamenya, tukayakata vipande vyembamba, tukayachemsha kwa maji kidogo na kijiti cha mdalasini mpaka yakawa laini kiasi cha kupondeka kwa ulimi. Unga ulipoumuka alipaka sufuria samli, akamimina nusu, nikatandaza matofaa, akamimina nusu iliyobaki. Kisha kifuniko, na makaa juu ya kifuniko. Aliyapunguza makaa ya chini kwa vidole vitupu, kama alivyozoea, nami nikachochea ya juu kwa kipepeo. Mtoto alikuwa amelala mkekani ndani, na kila baada ya muda mmoja wetu alikwenda kumtazama.

Mkate ulitoka umebonyea katikati.

"Tunda lako lina maji," akasema mama mkwe. Hiyo ndiyo lawama pekee aliyowahi kunipa katika jambo lile lote.

Tukakata kipande cha pembeni kilichoiva vizuri, tukakiacha kipoe. Mtoto aliamka, tukamwegemeza ukutani. Nilimega tonge dogo, nikalipuliza, nikampelekea mdomoni. Akageuza uso. Nikadhani hana hamu. Nikampelekea tena. Akaificha mikono yake miwili chini ya mapaja, akasema, "Mkate mbaya."

Hayo nilimfundisha mimi. Wiki zile za mwanzo, kila alipoelekea kwenye sufuria ya bibi yake, nilimpiga kofi dogo la mkono nikamwambia mkate mbaya. Naye alijifunza haraka, maana alikuwa mtoto mwerevu.

"Mzuri, mama," nikamwambia. "Kula. Mama alikosea."

Akanitazama usoni, kisha akautazama mkono wangu, akaanza kulia. Kilio hakikutoa sauti kwa kuwa nguvu ya sauti hakuwa nayo. Nikazidi kumbembeleza, naye akazidi kujibana ukutani, na lile tonge likawa linasagikia vidoleni mwangu.

"Mwanangu," akaniambia mama mkwe, "hebu nenda kaniletee maji ya kunawa."

Maji yalikuwapo. Birika lilikuwa limejaa, pembeni ya goti lake. Niliyaona, naye alijua kwamba nimeyaona. Nikainuka, nikatoka uani, nikarudisha mlango nyuma yangu.

Nilisimama kando ya jiko lililokuwa bado na moto. Nilimsikia mama mkwe akitafuna kwa makusudi, kwa kelele, yeye aliyekuwa akitukataza kutafuna kwa kelele. Kisha nikamsikia anauliza, "Tamu?" na baada ya kitambo sauti ndogo sana ikajibu kwamba ni tamu.

Alipona. Daktari alimpima baada ya wiki mbili akatabasamu, na baada ya miezi alikuwa anakimbizana na wenzake mtaani. Leo ana wajukuu, na ngano haingii nyumbani kwake. Lakini katika wiki zile, kila wakati wa chakula ulipofika, nilipika, nikapakua, nikamkabidhi mama mkwe sahani, halafu nikatoka nje ili mwanangu apate kula.