Ubao Mbichi na Sikio la Kambale

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane mchana, tulimzika Kambale nyuma ya nyumba yake hapa Bwera. Nimepoteza rafiki wa miaka arobaini, na sina tena mtu wa kuniita Masereka kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliyechelewa kurudi na maji.

Mwanangu Kavira, siku ya tatu ya matanga ya baba yako ulikuja kukaa karibu nami, ukaniomba nikufundishe kuchagua ubao na sikio la gitaa la mapajani, maana unataka kujitengenezea moja kama lake. Nilikwambia nitakuandikia. Hukujua kwa nini sikuweza kusema pale pale. Nyuma yetu jirani mmoja alikuwa akisema kwa huruma kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila kazi ya kusuka waya ilimshinda, ndiyo maana akaishia kubeba mizigo mpakani. Nilimsikia vizuri. Nikaendelea kunywa chai yangu.

Nianze na ulichouliza. Gitaa la mapajani halina tumbo. Ni ubao mmoja mzito unaolazwa juu ya mapaja, na mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Chini ya nyuzi kuna kidude chenye sumaku na waya mwembamba, kinachosikia nyuzi zikitikisika na kupeleka sauti kwenye spika. Sisi tulikiita sikio. Watu watakwambia kwamba, kwa kuwa sikio husikia nyuzi tu, ubao wowote unafaa. Kuhusu utamu wa sauti sitabishana nao. Nimepiga gitaa la mti wa libuyu, nimepiga la mvule, na nikifumba macho sina hakika kama naweza kuzitofautisha. Lakini ubao lazima ukae ulivyo. Ukijipinda, hakuna kilicho juu yake utakachoweza kukiamini.

Kwa hiyo chagua ubao uliokauka mpaka ndani. Shika ncha moja kwa meno, mwambie mtu agonge ncha nyingine kwa kifundo cha kidole. Ubao mkavu utalia ndani ya kichwa chako. Ubao mbichi utasikika kama mtu anagonga mgomba.

Haya nilikuwa nayajua nikiwa na miaka ishirini. Shangazi yangu aliuza mbao Mpondwe, hapo mpakani, zile zinazovuka kutoka Kongo. Siku moja alinipa kipande cha libuyu, chekundu kama chai nzito, nikakibeba begani kwa furaha. Akaniita nirudi.

"Hii mbao iko na maji ndani. Iweke juu, kwa dari, mpaka mvua mbili zipite. Unasikia?"

"Nasikia, shangazi."

"We unasikiaka tu. Kufanya ndiyo haiko."

Baba yako alikuwa hajamaliza miaka miwili tangu avuke kutoka Butembo, Kongo. Hakuwa na kitu, ila alikuwa na mikono. Alifungua transfoma ya redio iliyokufa, akachomoa waya mwembamba kama unywele, akauzungushia kwenye kijifremu alichokata kutoka kwenye jerikani. Kila mizunguko mia ikitimia, alihamisha punje moja ya mahindi kutoka kikombe hiki kwenda kile. Nilimwona akikaa hivyo asubuhi nzima, hata nzi akitua puani pake hamfukuzi. Chini aliweka sumaku ya spika mbovu, kisha akamimina nta ya vipande vya mishumaa kutoka kanisani, ili waya usitetemeke na kupiga mluzi.

"Padri akijua unamaliza mishumaa yake!" nikamwambia.

"Mwambie hii sikio itamuimbia misa bule."

Kulikuwa na fundi Kasese, upande wa mto Nyamwamba, aliyesuka upya mota zilizoungua za mashine za kusaga. Alikuwa amesikia habari za kijana wa Bwera anayesuka masikio ya gitaa. Akatuma neno: baada ya wiki tatu kutakuwa na harusi pale Kasese, njooni mpige, nitasikiliza. Sikio likiwa zuri, nitamchukua kijana, nimfundishe, nimpe na mahali pa kulala. Mwanangu, wakati huo baba yako alikuwa analala kwenye kibanda cha gunia, na wadogo zake watatu walikuwa wanamtazama yeye. Harusi ile ndiyo ilikuwa mlango wake.

Wiki tatu. Na ubao wangu ulihitaji misimu miwili ya mvua.

Nikaupeleka jikoni kwa shangazi, nikautundika juu ya moto siku tisa, nikiugeuza kama samaki. Nje ukawa mkavu, unang'aa. Nikashika ncha kwa meno, nikamwomba mpita njia agonge. Nikasikia mgomba. Nikautoa mdomoni, nikapangusa, nikaenda kwa Kambale.

"Imekauka?"

"Imekauka."

"Kweli, Masereka?"

"Kweli kabisa."

Hapa Bwera, kwenye ubaridi wetu wa chini ya mlima, gitaa liliimba. Watoto walikuja, wanawake wakaacha majembe. Siku ya harusi tukapanda lori la ndizi, tukateremka mpaka njia panda ya Kikorongo, na pale ndipo joto linapokukuta. Kasese lilikuwa linachoma. Gitaa lilikaa juani asubuhi nzima, tukisubiri bwana na bibi harusi watoke kanisani.

Kambale alipiga wimbo wa kwanza, ukaenda vizuri. Wa pili pia. Katika wa tatu, nyuzi nyembamba zikaanza kufifia, kama mtu anayeondoka huku akizungumza. Kambale akagusa waya, akagusa redio tuliyoitumia kama spika, jasho likimtoka. Wageni wakaanza.

"Hiyo gitaa imeshiba, inasinzia!"

"Mupatie soda!"

Fundi akaja, akainama, akasikiliza. "Kijana, waya imekatika ndani. Mkono wako bado." Alisema bila ubaya, akarudi kwenye kiti chake.

Waya haukuwa umekatika. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, nikauona ubao kwa macho yangu. Upande wa nyuzi nyembamba ulikuwa umezama, nyuzi zimebaki juu, mbali na sikio, nalo haliwezi tena kuzisikia. Ubao ulikuwa umejipinda kama mlango wa choo. Kambale akanitazama. Nilikuwa na neno la kusema, na watu wa kusikia walikuwepo wote. Nikasema, "Pole."

Tuliporudi, alifungua sikio lile lote, mzunguko kwa mzunguko, akitafuta kwa kucha mahali palipokatika. Ilimchukua wiki. Hakupata. Alilisuka tena, akaliweka ndani ya kopo, akaenda Mpondwe kuomba kazi ya kubeba mizigo.

Shangazi ndiye aliyenikemea. Alilaza gitaa juu ya meza yake ya mbao, akaligusa pembeni, likayumba.

"Siku tisa ulikausha hii juu ya moto yangu. Unazania miye kipofu?"

"Shangazi, nilitaka tufanikiwe haraka."

"Haraka ilikuwa ya kwako. Mizigo iko kwa mugongo ya nani?"

Nikaenda mpakani. Nilimkuta Kambale kwenye foleni na gunia la maharage mgongoni, nikamwambia yote. Hakulitua gunia.

"Sikio ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa nzuri."

"Haikukatika?"

"Haikukatika popote."

Hapo ndipo akalitua, akalikalia. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Wenzake walimpigia kelele asogee, hakusogea. Mwishowe akasema, "Basi wende uambie fundi. Miye nikienda mwenyewe, ataona natafuta sababu tu."

Nikamwahidi. Na hapa, mwanangu, ndipo penye jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kesho yake nilipanda gari nikafika Kikorongo. Nikashuka, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikakaa nikiyala na kufikiria uso wa yule fundi, na wale wageni wa harusi, na jinsi watakavyonicheka. Likaja gari la kurudi Bwera, nikapanda. Nilimwambia Kambale kwamba sikumkuta fundi. Baada ya miezi kadhaa alikwenda mwenyewe, akakuta kijana mwingine amekwisha kuchukuliwa.

Gitaa unalolijua wewe ni la mvule, tulilolitengeneza baadaye kutoka kwenye kitanda cha zamani kilichovunjika. Sikio lake ni lile lile la harusi. Umelisikia tangu utotoni, nyuzi nyembamba na nene zote sawa. Mkono wa baba yako haukuwa "bado", kama alivyosema fundi. Ulikuwa tayari siku ile ile.

Basi shika haya. Tafuta ubao uliokwisha kuishi ndani ya nyumba: kitanda, kizingiti, rafu. Maji yake yamekwisha kutoka zamani. Nyuzi ziwe za chuma, kwa kuwa sikio lenye sumaku halisikii nailoni. Sikio liweke karibu na nyuzi bila kuzigusa. Sauti ikififia, pima kwanza ubao kwa rula iliyonyooka, kabla hujamtilia shaka aliyesuka waya. Na ukiwa umeharibu jina la mtu mbele ya watu, usimwendee peke yake pembeni ukadhani umemaliza. Nenda kwa watu wale wale, ukaseme, upesi, wakati nafasi yake bado ipo. Mimi nilisema nusu, na nusu ile haikumtoa baba yako chini ya gunia.

Mungu akupe mikono yake, mwanangu, na akupe uvumilivu wa punje zile za mahindi. Akupe rafiki atakayekwambia ubao ni mbichi. Na pale utakapopigia, watu wakae wasikilize mpaka mwisho.

Naongeza haya leo: jana jioni nilimpelekea mama yako karatasi hizi, nikamsomea, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafungua mlango, akawaita majirani waliokuwa bado wamekaa nje kwenye viti vya matanga.

"Mukuje ndani," akasema. "Masereka iko na kitu ya kuwaambia."

Wakaingia, na yule jirani wa siku ya tatu akiwa miongoni mwao. Nikasimama, nikaanza kusoma upya.